Picha 64 nilizopeleka na 7 zilizobaki

Nilienda na picha 64. Nilikuwa nimezichapisha zote, ukubwa wa postikadi, katika studio ya picha za pasipoti karibu na stendi ya mabasi, nikalipa kwa pesa nilizopata kwa kupiga picha za harusi ya Jumamosi. Nikazitia kwenye bahasha ya kaki kwa mpangilio nilioona una akili: kwanza maandamano, halafu mafuriko, machweo ya ziwa, mwisho nyuso za watu. Mzee niliyempelekea, mpigapicha wa habari wa zamani ambaye sisi vijana wa kamera hapa Kisumu humwita Jaduong', alisogeza kikombe chake cha chai kando akaanza kuzigawa mezani mafungu mawili, kama mtu anayegawa karata. Hakusema neno. Alipomaliza, fungu la kulia lilikuwa na picha 7.

"Hizi umezipigia wapi?"

Nilipozitazama ndipo nikagundua. Zote zilitoka Obunga, mtaa nilioishi kwa shangazi yangu wakati huo.

"Kule kwingine ulikuwa mgeni, nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo. "Ulifika, ukapiga, ukapanda boda ukaenda zako. Inaonekana."

Sasa wadogo zangu wanaotaka kuwa wapigapicha wa habari hunitumia kazi zao, na swali la kwanza ni lile lile: potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako bora wa kumwonyesha mhariri, iwe na picha ngapi? Hujibu 20, labda 30 ukiwa na masimulizi mawili yaliyokamilika. Lakini hesabu ndiyo sehemu rahisi. Kinachouma ni kuitoa picha iliyokugharimu. Mimi nilikuwa na moja ya Kondele, siku ya vitoza machozi, ambayo niliing'ang'ania karibu mwaka mzima kwa sababu siku hiyo nilipoteza kiatu na kurudi nyumbani nikichechemea. Ukiitazama unaona migongo ya vijana na moshi, basi. Mhariri haoni kiatu chako. Na yale machweo ya Dunga, mtumbwi mweusi mbele ya jua jekundu, tafadhali yabakize kwenye simu yako. Kila mwenye kamera Kisumu anayo.

Katika zile 7 ilikuwemo moja niliyoipenda kuliko zote. Asiyeijua Obunga ajue hivi: viwanda vya samaki huchuna minofu ya mbuta, yaani sangara, na kuipeleka ng'ambo. Kinachosalia, yaani kichwa, mfupa na mkia, hununuliwa na akina mama wanaokikaanga kwenye makarai makubwa na kukiuza. Ndio mgongo wazi. Picha yangu ilikuwa ya mama mmoja ameinama juu ya karai, mwanga umepenya kwenye tundu la bati, na chozi linamtiririka shavuni. Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba analia kwa kuadimika kwa samaki Ziwa Victoria.

Jaduong' aliishika muda mrefu. "Anaitwa nani?"

Sikujua.

"Nani amekwambia analia?"

Hapo nilinyamaza.

"Rudi."

Nilirudi kesho yake na ile nakala mkononi. Mama aliitazama, akasoma maelezo yangu, akacheka hadi akaketi juu ya mtungi wa mafuta. "Nilie nini na siku hiyo niliuza karai zima? Ni moshi, mwanangu. Hebu simama hapa nilipo." Nikasimama. Haikufika dakika mbili nikawa nafuta macho kwa leso. (Jina lake ninalo daftarini. Ruhusa aliyonipa ni ya picha, si ya kumsimulia humu, kwa hiyo atabaki Mama.)

Tulipomaliza kucheka ndipo akaanza kuniambia yaliyokuwa yakimsumbua kweli: bei ya mafuta ya kupikia, foleni ya alfajiri kwenye lango la kiwanda, nani hupewa mzigo mzuri na nani huambiwa umekwisha. Nilirudi mara nyingi baada ya siku ile. Nilipata foleni hiyo gizani, mizani, mikono yenye makovu ya mafuta ya moto, beseni likipakiwa kwenye mkokoteni kuelekea soko la Kibuye, na Mama mwenyewe jioni akihesabu noti chini ya taa. Picha 10. Simulizi hilo ndilo lililonipa kazi, na lilizaliwa na kosa la maelezo.

Kwa hiyo nikipokea potifolio ya mtu, nasoma maelezo kabla ya kutazama picha. Nataka nani, anafanya nini, wapi, lini. Kitu kama: mwanamke akigeuza mgongo wazi wa mbuta kwenye karai la mafuta mtaani Obunga, Kisumu, Jumanne, Machi 12, 2019. Kisha sentensi ya pili inayoeleza kwa nini jambo hilo lina uzito. Hisia za mtu usiziandike kama hakukwambia mwenyewe. Na usiyatume maelezo kwenye barua pepe pekee, yaandike ndani ya faili yenyewe kwa programu unayotumia kuhariri, maana picha husafiri na barua hubaki nyuma. Daftari lako liwe na namba ya simu ya kila unayempiga. Wanakijiji wa Nyando au Budalangi wakihama kwa mafuriko, hutawapata tena kwa kuuliza tu njiani.

Kuhusu kuhariri nitasema kidogo. Kuongeza mwanga, kukoza kivuli na kukata pembeni kwa kiasi ni sawa. Kuongeza au kuondoa kitu ndani ya fremu ni mwisho wa safari. Mwaka 2010 mpigapicha mmoja wa Ukraine alinyang'anywa tuzo ya World Press Photo kwa kufuta kipande cha mguu kilichojitokeza nyuma ya mkono. Mguu tu! Wala haukuwa na maana yoyote kwenye picha ile.

Sasa, mlezi. Usimwendee mtu ukamwambia "naomba unilee kikazi." Atakubali kwa adabu na hamtaonana tena. Mpelekee kazi na swali moja linalojibika: kati ya hizi mbili, ipi ifungue simulizi? Akikupa kazi ya kufanya, ifanye, kisha umrudie nayo. Jaduong' alikuja kuniambia baadaye kwamba lile "rudi" humwambia kila kijana, na wengi ndio mara ya mwisho kuwaona.

Yeye ni mtu wa enzi za filamu, mkanda wa picha 36, na anaamini mpigapicha hujulikana kwa yaliyotangulia na yaliyofuata picha nzuri. Kwa hiyo baada ya miezi michache akaacha kutazama nilizochagua. "Lete kadi nzima," akasema, yaani kadi ya kamera na kila picha iliyomo. Aibu niliyoiona siku hiyo! Faili ya picha hubeba saa iliyopigwa. Akanionyesha kwa kidole: kwenye kambi ya waliohamishwa na mafuriko nilifika saa nane na dakika mbili, na picha ya mwisho ilikuwa saa nane na dakika sita. Dakika nne kwa watu waliopoteza nyumba. Ukipata mtu unayemwamini, mpe kadi nzima ya siku moja, pamoja na zilizotikisika na zile ulizopiga ardhi kwa bahati mbaya. Utajifunza zaidi ya semina tatu.

Alipenda pia kumtaja Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Watu husema alikuwa na bahati, kwamba waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kufika na kamera. Lakini picha zake za njaa ya Ethiopia zilipoitikisa dunia Oktoba 1984, alikuwa ameshatembea na kamera katika Afrika hii zaidi ya miaka 20. "Hiyo bahati," Jaduong' husema, "ilimkuta kazini."

Lakini mlezi naye ana mipaka yake. Jaduong' hakutaka nitie picha yoyote ya simu katika potifolio. Nilitia mbili, na mojawapo ndiyo mhariri aliyonipigia simu kuiulizia. Kuhusu pesa hakujua la kuniambia, maana zama zake alilipwa mshahara. Hayo nilifunzwa na dada mmoja mhariri wa picha, baada ya chombo kimoja kuchapisha picha yangu ya Ahero bila jina langu wala senti. Alinifokea mimi kwanza: kwa nini ulituma kabla ya kuandikiana? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakulinda tangu unapobofya, lakini kazi uliyoagizwa kuifanya inaweza kuwa mali ya aliyeagiza msipokubaliana vingine. Kwa hiyo ujumbe mfupi wa kutaja bei, matumizi na jina kabla ya kutuma, hata kama mhariri ana haraka. Dada huyo huyo ndiye aliyenisukuma nikachukue kadi ya uanahabari kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Pia alinifunza kwamba kwenye vurugu huanzi na kamera, unaanza kwa kujua utatokea wapi. Ukuta mgongoni, uchochoro mmoja unaoujua, na mwenzako anayejua uliko.

Picha ya chozi bado ndiyo ya kwanza katika potifolio yangu. Maelezo yake sasa yanasema moshi. Mama aliitundika ile nakala kwenye nguzo ya kibanda chake, na juzi nilipopita alinionyesha jinsi mafuta yalivyoila mpaka uso hauonekani. Anataka nyingine, kubwa zaidi, na safari hii ameniagiza niiwekee kioo.