Umepewa kuandika wasifu wa baba mcha Mungu? Anzia kazini kwake

Ndugu yangu, kazi hii huja ghafla. Familia imechoka kwa kulia, siku ya maziko iko karibu, na mtu anakuambia, "Wewe unajua kuandika, tuandalie wasifu wa mzee." Wengi wanaoanza huomba nakala iliyosomwa kwenye msiba mwingine, wakabadilisha majina na tarehe. Basi marehemu anaitwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mpenda watu, na walioishi naye wanasikiliza hadi mwisho bila kumwona humo. Nimeandaa na kusoma wasifu wa waumini wengi kanisani kwetu, na ninalotaka ulishike ni hili: imani ya baba wa namna hii huonekana pale ilipogusa kazi yake na nyumba yake. Tafuta hapo kabla hujaandika sifa yoyote.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 9. Dorkasi amefariki huko Yafa, Petro ameitwa, na wajane wamesimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Luka ametaja wema wake kwa sentensi moja tu, kisha akawaachia wajane na nguo zao. Nawe fanya hivyo hivyo. Tafuta nguo ziko wapi.

Kwa hiyo usiwaulize watu "mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kwa sifa, na sifa unazo tayari. Uliza alikuwa akifanya nini kwanza akifika kazini. Uliza alikataa kufanya nini, hata alipoamriwa. Uliza alipokosana na mtu, nani alimfuata mwenzake. Uliza kipindi alichokosa kazi kilikuwaje hapo nyumbani, nani aliongoza sala, na kama yeye mwenyewe aliweza kusali siku hizo. Swali hili la mwisho ni zito, lakini mara nyingi ndilo lililonipa mambo ya kweli kuliko mengine yote. Na usiishie kwa familia. Mtafute mtu aliyefanya naye kazi, hasa aliyekuwa chini yake, kwa sababu bosi huona taarifa, ila msaidizi humwona mtu mwenyewe.

Niliwahi kuandaa wasifu wa mpima ardhi. Watoto wake walinieleza kwamba alikuwa mzee wa kanisa na baba mwema, ila alichelewa sana kurudi nyumbani, na hilo la kuchelewa walilisema kwa uchungu. Aliyekuwa akimbebea vifaa akanieleza kwa nini. Mzee hakukubali kusimika bikoni, yaani nguzo ya alama ya mpaka, hadi majirani wa pande zote wawepo. Kama mmoja wao alikuwa mjane au mtu asiyejua kusoma, alitembea naye mpaka wote kwa miguu, akimwonyesha kwenye ramani kila kona waliyofika. Ambaye hajafika alingojewa, hata kama jua linazama na wenye haraka wananung'unika. Tulipofungua Biblia yake tukakuta amepiga mstari Mithali 22:28, pale panapokataza kuondoa alama ya mpaka wa zamani. Katika wasifu tuliandika yote mawili, kwamba alichelewa na kwamba alikuwa anamngoja nani. Watoto wake ndio walioomba mstari huo usomwe kwenye ibada.

Biblia ya marehemu, basi, iombe. Omba pia kitabu chake cha nyimbo na madaftari yake ya kazini. Omba kwa adabu, na umwache mke au mtoto mkubwa apitie kwanza, kwani watu huandika humo maombi yasiyofaa kusomwa hadharani. Nikitaka kuwaonyesha wanaoanza thamani ya maandishi hayo ya pembeni, huwaeleza habari za Johann Sebastian Bach, Mjerumani mtunzi wa muziki wa kanisa aliyefariki Leipzig tarehe 28 Julai 1750. Wasifu wake uliochapishwa mwaka 1754, kazi ya mwanawe Carl Philipp Emanuel na mwanafunzi wake Johann Friedrich Agricola, unaeleza kwa kirefu ustadi wake kwenye kinanda na katika utunzi. Lakini anayetaka kujua jinsi mtu huyo alivyoamini akiwa kazini huenda kwenye Biblia yake, ile yenye maelezo ya mwanateolojia wa Kilutheri Abraham Calov, ambayo leo imehifadhiwa St. Louis, Marekani. Kwenye 2 Mambo ya Nyakati 5:13 waimbaji na wapiga panda wanamsifu Bwana kwa sauti moja, na nyumba inajaa wingu. Hapo Bach aliandika kwa mkono wake kwamba muziki ukifanywa kwa uchaji, Mungu yupo daima pamoja na neema yake. Mwanamuziki alisoma habari za wanamuziki wa hekaluni akaiona kazi yake mwenyewe. Kauli moja ya namna hiyo, ukiipata, ijengee wasifu wote.

Katika nyumba hiyo hiyo kuna mengine ya kujifunza. Bach alipata watoto 20 katika ndoa mbili, na 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Mke wake wa pili, Anna Magdalena, aliyemwoa mwaka 1721, alikuwa mwimbaji wa kuajiriwa kwa mtawala wa Köthen, Ujerumani, na alinakili kwa mkono tungo nyingi za mumewe. Alifariki mwaka 1760 akiishi kwa misaada. Nikifikiria hayo huwa najiuliza ni wajane wangapi tumewataja kwa jina tu, na idadi ya watoto, ilhali nusu ya kazi ya mzee ilipita mikononi mwao. Muulize mjane alifanya nini katika kazi ya mumewe, kisha liandike. Na watoto waliotangulia, hata aliyeishi siku chache, wataje kama wazazi wanakubali. Imani ya baba aliyezika mtoto si ile aliyokuwa nayo kabla, na waumini wenye msiba kama huo wanahitaji kusikia kwamba naye alipita hapo.

Kuhusu mabaya, usiyavumbue wala usiyafunike kwa uongo. Kama alikuwa mkali, andika kwamba alikuwa mkali, ukaeleze alivyoomba msamaha iwapo kweli aliomba. Kama kuna watoto wa nje ya ndoa ambao familia inawatambua, majina yao yasikosekane. Kuachwa nje ya orodha mbele ya jeneza la baba ni jeraha ambalo hutaweza kulitibu baadaye.

Tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa zitafute kwenye vyeti au rejesta za kanisa. Za ajira zitafute kwenye barua za kuajiriwa na kustaafu. Kumbukumbu za wakati wa msiba huchanganya miaka kwa urahisi sana.

Kabla ya kuandika, muulize mchungaji au padre wasifu utasomwa lini. Katika Kanisa Katoliki mahubiri ya misa ya mazishi hayatakiwi kugeuzwa hotuba ya kumsifu marehemu, ila mwanafamilia au rafiki anaweza kusema maneno ya kumkumbuka kabla ya buriani. Makanisa mengine yana taratibu zao, na wewe uzifuate. Lenga maneno 500. Yakisomwa kwa utulivu hufikia kama dakika 5, na hizo zinatosha ikiwa una jambo moja la kazini na moja la nyumbani yaliyosimuliwa vizuri. Vyeo vya kamati vinaweza kukaa kwenye karatasi ya ratiba.

Andika kwa herufi kubwa, weka alama chini ya majina magumu, chapisha nakala mbili. Moja mpe msomaji, nyingine mtu atakayekaa kiti cha mbele na kuendelea pale sauti ya mwenzake itakapokatika. Na kabla ya kuchapisha, msomee mjane rasimu yote, mstari kwa mstari. Akisema "hili litoe", litoe bila kumwuliza sababu.