Mkojo wa mchoma dhahabu

SWALI: Dokta shikamoo. Mume wangu anachoma dhahabu huku Geita, ile zebaki anaichomea hapahapa uani kwenye jiko la mkaa. Siku hizi mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika, na hasira zake hazieleweki. Zahanati wamempima mkojo wakasema uko safi. Sasa kuna jamaa mtaani anasema tumpe kwanza vidonge vya kutoa sumu halafu ndo apimwe mkojo, eti sumu yote itaonekana. Tufanyeje? – Mama wa wawili, Geita.

JIBU: Marahaba mama. Zahanati hawajakudanganya ila wamepima kitu kingine kabisa, kile kijiti wanachochovya kinaangalia sukari, protini, UTI na mambo kama hayo, zebaki hakiioni hata iwe nyingi kiasi gani. Ya zebaki inataka mashine za maabara kubwa, kwa hiyo mpeleke hospitali ya mkoa, umwambie daktari wazi kabisa kwamba huyu anachoma dhahabu (wengi wanaficha hapo), au muulizie ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kule Mwanza. Na kwa mikono hiyo inayotetemeka asisubiri majibu, aonwe wiki hii.

Mkojo kweli ndo sampuli yake, maana mvuke ukishavutwa zebaki inaenda kukaa kwenye figo halafu inatoka taratibu, miezi kama miwili ndo nusu imetoka. Ingekua madini ya risasi ningekwambia damu. Achukue mkojo wa kwanza wa asubuhi, ameoga, nguo safi, mikono imenawa kwa sabuni, na kopo liwe la maabara wenyewe, sio chupa ya maji uliyoiokota jikoni, maana ukiingia uchafu wa kazini utasoma zebaki ya nguo ukadhani ni ya mwili. Watapima na kreatinini (taka ya mwili inayotoka kwenye mkojo), kwasababu akinywa maji mengi mkojo unakua mwepesi na namba inashuka bure. Ikifika mikrogramu 20 kwa gramu ya kreatinini au zaidi, kazi ya kuchoma isimame na matibabu yaanze kujadiliwa.

Vidonge vya huyo jamaa achana navyo! Dawa za aina hiyo zinavuta madini kwa mtu yeyote, hata mwalimu ambae hajawahi kusogelea karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) namba yake itapanda, halafu wanailinganisha na viwango vya watu wasiomeza kitu, unaambiwa umejaa sumu, na dawa anayo nani? Yeye mwenyewe.

Jiko hilo litoke uani leo. Mvuke wa zebaki hauna harufu, unaganda kwenye kuta, chandarua, nguo za watoto. Akachomee mbali na makazi, na kwa ritoti, kile chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki. Wewe na watoto mpimwe pia, na kama una mimba au unanyonyesha mwambie daktari mapema kabla hajaandika chochote.