Saizi 14 ya zamani si 14 ya leo
Umeuliza kama ukate gauni lako la kotoni kwa pateni (karatasi za kukatia nguo) ya zamani saizi 14, kwa vile leo unavaa 14. Hapana, usikate kwa kufuata hiyo 14 ya kwenye bahasha ya pateni, haitakuingia. Pateni za Marekani za miaka ya 1940 saizi 14 ilikuwa kifua inchi 32, za sasa ni 36, vipimo vilibadilishwa sana 1968, kwa hiyo we angalia nyuma ya bahasha wameandika kifua inchi ngapi ndo ulinganishe na tepu yako, namba achana nayo. Mi nashona hizi za zamani na siku zote nachagua kwa kifua, maana kiuno na hipsi unaongeza tu pembeni ila mabega na kwapa yakikataa gauni zima linavuta. Na hiyo kotoni ifue kabla hujakata, inarudi.