Sikio linasikia hadi pumzi, nikafanyiwe operesheni?

SWALI: Shikamoo dokta. Tangu nipungue mwili baada ya kujifungua sikio la kushoto linanitesa, nikiongea sauti yangu inanguruma humo ndani, nikipumua nasikia hewa inaingia inatoka, nikilala inakata, nikiamka baada ya muda inarudi. Dawa za kuzibua pua ndo zimezidisha. Sasa naambiwa mrija wa sikio haufungi na kuna operesheni. Niende?

JIBU: Marahaba mama. Hizo dawa ziache kwanza, zinakausha utando na zinauacha mrija wazi zaidi, wakati shida yako si kuziba. Huo mrija unatoka nyuma ya pua hadi sikio la kati, kwa mtu mzima una kama sentimita 3 na nusu, na muda mwingi unatakiwa uwe umefunga, unafunguka kidogo tu ukimeza au ukipiga miayo. Pembeni yake kuna mafuta yanayoubana, mtu akikonda haraka nayo yanapungua. Ukilala mishipa ya damu ya hapo inajaa, mrija unabanwa, ndo maana unapata nafuu.

Kabla ya kisu, daktari wa masikio aangalie ngoma ya sikio huku unapumua kwa pua, ikicheza kwa kufuata pumzi basi kweli mrija haufungi. Akupime umekaa, na siku ambayo kelele ipo, maana ukilala ngoma inatulia utaambiwa huna kitu. Na kama unasikia hadi macho yakigeuka, hapo huenda ni tundu kwenye mfupa wa sikio la ndani, ugonjwa mwingine kabisa, aombe picha ya CT.

Operesheni zenyewe ziko za aina nyingi. Kuna kuweka kijimrija kwenye ngoma, hii ni ndogo, inapunguza kutikisika kwa ngoma lakini mrija wenyewe haiugusi. Kuna kudunga mafuta au jeli kwenye mdomo wa mrija kwa kupitia puani, tatizo mwili unaweza kuinyonya kelele ikarudi, na karibu na hapo unapita mshipa mkubwa wa damu wa kwenda kichwani, kwa hiyo usikubali mtu anayejifunzia kwako! Kuna kuziba kwa kizibo, Japani wana cha silikoni cha Profesa Toshimitsu Kobayashi kinachoingizwa kwa kutoboa ngoma, na Marekani daktari wa masikio Dennis Poe ana njia ya kujenga upya ukuta wa mrija. Ukizibwa kupita kiasi maji yanajaa nyuma ya ngoma na usikivu unashuka, so uliza mapema kama kilichowekwa kinatoleka. Ukitajiwa puto la kupanua mrija kataa, hilo ni la mrija uliobana.

Kwa hali yako mimi ningesubiri kwanza, rudisha mwili taratibu, kunywa maji, tumia matone ya maji chumvi puani, ikipita miezi bado inakukosesha raha ndo uzungumzie operesheni. Ila acha kuvuta makamasi kwa nguvu ili sikio litulie, najua linatulia kweli, lakini ukizoea unaivuta ngoma ndani mpaka inaharibika.