Jibu: Mdogo wangu yuko bweni, hapati usingizi, na mwalimu wa unasihi ndiye wa nidhamu

Pole dada. Nimekuelewa hivi: mdogo wako wa kidato cha tatu halali na chakula hakipandi tangu shule ifunguliwe, ila mwalimu wa malezi na unasihi ndiye huyohuyo anayeshika fimbo. Mtoto atafunguka vipi?

Kwanza muulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msisubiri ruhusa ya mtu, mpelekeni hospitali leo hii.

Kama sivyo, anza na matroni. Kwa mdogo wangu mimi, matroni ndiye aliyetufungulia njia, maana ndiye anayewaona usiku. Kisha mzazi amwandikie mkuu wa shule kuomba ruhusa ya matibabu. Andikeni "matibabu", basi. Maelezo marefu huishia kuwa stori za ofisi ya walimu. Mkifika hospitali ya mkoa, ulizieni kitengo cha afya ya akili, la sivyo mtazungushwa mapokezi na kurudi na panadoli. Akiwa na simu, 116 ni namba ya msaada kwa watoto, bure.

Kama ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au kukumbuka nyumbani tu, hilo la daktari. Ana bima?