Muulize Fundi: Setilaiti yetu itaiona mashua yangu?

SWALI: Fundi, salaam. Kusi lilipovuma, mashua yangu ilikata kamba usiku hapa Shela na hadi leo haijaonekana. Mpwa wangu asema Kenya ina setilaiti, Taifa-1, niombe picha ya siku ile nione ilielekea wapi. Mashua ni ya mita nane. Yawezekana?
Nahodha, Lamu

JIBU: Pole sana, nahodha. Mpwa wako hakudanganya, ila amekupa matumaini makubwa kuliko chombo chenyewe.

Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California. (Sisi wa Malindi tuna jukwaa la San Marco hapo Ngomeni, lililorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, na bado ya kwetu tukaipeleka Marekani. Haya.) Ni kiboksi cha sentimita 10 kwa 10, urefu 30 na kidogo. Humo mmebanwa betri, redio, kompyuta na kamera.

Udogo huo ndio kikwazo. Lenzi haiwezi kuwa pana kuliko boksi, na lenzi nyembamba hutoa picha yenye ukungu ya vitu vya mbali. Kwa kimo cha kilomita 500, boksi la namna hiyo, hata likiundwa kwa ustadi kiasi gani, halitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko mita tatu au nne. Basi mashua yako itakuwa nukta mbili tatu tu kwenye picha. Nani ataapa kwamba ni yako na si ya jirani wa Matondoni?

Tena kamera hizi hutegemea jua. Usiku kamba ilipokatika hazikuona kitu, na kulipokucha huenda mawingu ya kusi yalitanda. Halafu setilaiti haisimami kukungoja: inakwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, umbali wa Malindi hadi Lamu inaumaliza kwa sekunde 20 hivi, kisha inazunguka dunia nzima. Siku ikipita tena juu ya Shela, mashua iko Somalia.

Kamera hizi zinachokiona vizuri ni mikoko yenu. Kamera nyingi za setilaiti hupokea pia mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu, ambao jicho letu halioni. Majani mabichi huurudisha kwa wingi, maji huumeza. Kwenye picha mkono wa bahari unakuwa mweusi, mikoko inang'aa, na palipokatwa boriti panabaki pengo. Mpwa wako akitaka kujaribu, picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure mtandaoni tangu 2015, na nukta moja ya picha ni mita 10 za ardhi. Achague za Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mbingu ikiwa safi.

Kuhusu mashua, peleka rangi yake na namba ya usajili kwa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe) za Kizingitini na Kiunga. Kusi husukuma vyombo upande huo.