Mwanangu, kuhusu ile miti 47

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Masasi. Sisi hatujambo, mguu wangu umepoa, na dada yako amerudi salama kutoka Newala. Ujumbe wako niliusoma mara tatu. Unasema binamu yako amekuingiza kwenye kundi la michango ya harusi ya bintiye, wenzako wameshaandika ahadi zao, wewe umekaa kimya. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulimsamehe kweli, au ulinyamaza tu?"

Nilitaka kukujibu kwa simu, maneno yakanikimbia. Acha niandike, na univumilie, kwa sababu nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza.

Habari ya kikao unaijua, lakini unaijua kitoto. Baba yenu alipofariki mwaka 2006, hata arobaini ilikuwa haijafika, ndugu zake wakakaa. Kwa mila yetu ya upande wa mama, mali ya mwanamume haiendi kwa wanawe, inakwenda kwa wapwa wake. Ile mikorosho 47 ya kule bondeni akapewa binamu yako. Sisemi mila yote ni mbaya. Shamba hili tunaloishi nimelipata kwa mama yangu, na mila hiyohiyo ndiyo iliyonipa. Lakini miti ile tuliipanda mimi na baba yenu. Mashimo nilichimba nikiwa na mimba ya dada yako. Kila Juni nilibeba salfa kichwani kwenda kuipulizia isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Na aliyepewa hakuwa mgeni. Nilimlea tangu darasa la tatu, akala nanyi chungu kimoja, kaptula zake za shule nilishona mimi kwa mkono. Siku ya kikao hakusema neno. Aliinamisha kichwa tu. Angekuwa mgeni ningepona mapema.

Oktoba korosho zikaanza kudondoka. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala dungu kwa dungu wakati wa msimu, kulinda zisiokotwe usiku? Mwaka ule sikuwa na cha kulinda kule bondeni, lakini saa tisa usiku niko macho, naizungukia miti mmoja mmoja kichwani. Ule wa kichuguuni. Ule uliopigwa na radi ukachipua upya. Miwili iliyosongamana karibu na njia, baba yenu aliyokataa kuikata. Nafika 47, naanza tena. Asubuhi nikipita barabarani nawaona watu wake wanaokota, mabibo yananukia hadi njiani, nami nahesabu magunia. Kanisani naimba, sadaka natoa, ikifika wakati wa kwenda altareni nabaki kwenye benchi najifanya nambembeleza mdogo wako. Miezi kadhaa.

Mithali inasema, "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo." Nilikuwa naijua kwa kichwa tangu kipaimara. Korosho tulizilinda kwa kulala juani na kwenye umande. Moyo niliuacha wazi kama shamba lisilo na mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta kwenye karatasi hii. Pengine umelisahau. Ulikuwa na miaka saba.

Ilikuwa Desemba, jioni. Binamu yako alikuja na kapu la embe dodo. Hakuingia ndani, alilitua barazani akasimama pembeni kidogo, kama mtu asiyejua kama atakaribishwa. Mimi nilikuwa natwanga, nikaendelea kutwanga. Wewe ukatoka mbio kama ulivyokuwa unatoka mbio kwake siku zote, ukachukua embe moja, ukalishika kwa mikono miwili. Kisha ukanitazama mimi. Sikusema kitu, mwanangu, naapa sikusema kitu. Ukaliangusha lile embe juu ya kapu, nyingine zikamwagika, ukasema, "Hatuli vya mwizi," ukatema mate miguuni pake.

Sauti ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu mimi, na hata mkato wake ulikuwa wangu. Sikuwahi kukufundisha maneno yale. Nilikuwa nayasema usiku kwa shangazi yako nikidhani mmelala.

Yeye hakujibu. Alichutama akaokota embe zilizomwagika, moja moja, akazifuta vumbi kwa kiganja, akazirudisha kapuni, akaondoka nalo. Moja lilikuwa limeviringika chini ya kinu, hakuliona. Asubuhi wakati wa kufagia nikalikuta, sisimizi wamelizunguka, upande mmoja umeshalainika. Nikakaa chini pale pale na ufagio mkononi nikalia kilio ambacho hata msibani sikukilia.

Kwenye Waebrania 12 imeandikwa tuangalie shina la uchungu lisije likachipuka na kutusumbua, "na watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo." Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyokuwa nayapita haraka. Nilidhani uchungu ni wangu peke yangu, ni mzigo wangu, nabeba mwenyewe. Kumbe nilikuwa nakulisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nilimsamehe, naona swali lako limeanza mbali na pale ninapoumia. Kinachoniuma hadi leo si miti. Ni yale mate.

Baada ya hapo nilienda kwa Padri. Hakunipa hotuba. Aliniambia nimwombee kwa jina, kila siku, kabla ya kuwasha moto. Siku za kwanza nilikuwa nasema, "Bwana, mpe anachostahili," nikajua mwenyewe kwamba ile si sala. Kisha nikaanza kuomba kama mkulima. Bwana, mvua isimnyeshee wakati wa maua. Bwana, ubwiri usiingie bondeni. Miti ile naifahamu, kwa hiyo nilijua cha kuombea. Ilichukua hadi karibu na Pasaka ndipo nikarudi altareni, nikapiga magoti, kikombe kikanifikia, nikanywa. Yeye alikuwa nafasi ya tatu kutoka kwangu.

Nikasoma pia habari ya Naomi, aliyesema wasimwite Naomi bali Mara, kwa kuwa Mungu amemtenda mambo machungu. Sioni mahali Mungu alipomkemea kwa kusema hivyo. Kulia si uchungu, wala kusema "nimeumizwa" si uchungu. Ila tazama jambo moja: alisema alitoka amejaa na amerudishwa hana kitu, na Ruthu amesimama hapo hapo kando yake! Hakumhesabu. Nami nilikuwa na watoto watatu ndani ya nyumba, nikawa nahesabu mikorosho. Kuhesabu si dhambi, mwanangu. Dhambi ni kukesha ukihesabu.

Lakini mbona nakudanganya nusu? Hukumaliza swali lako bure. "Au ulinyamaza tu?" Neno hilo limenikaa.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya akina mama, nilisikia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haizitambui mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Sheria ya 1999! Baba yenu amefariki 2006. Nilirudi nyumbani sikula. Nikajiuliza kama ule niliouita msamaha haukuwa ujinga wa kutojua mlango wa kupiga hodi. Na sijui kama wakati ule ningekwenda kudai ningedai haki au ningedai damu. Nawaambia mabinti hapa kanisani, mtu akichukua chako nenda kadai, mchana kweupe, na karatasi mkononi. Kudai hakuzuii kusamehe. Nasema hivyo kwa nguvu kwa sababu mimi sikudai, na wakaja kunisifu kwamba nina moyo wa Kikristo. Sifa ile sikuistahili yote.

Na uchungu haufi mara moja. Unaukumbuka msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba magunia? Usiku ule nilipasua ukurasa wa daftari la mdogo wako nikaandika: miti 47, kila mti kilo 10, mara 3,300. Ikaja 1,551,000. Miaka 12 ya sala, na peni ikaandika yenyewe. Kisha wakulima wengi wakakaa wakisubiri uhakiki, nikasikia naye bado hajalipwa. Nikafurahi. Nakuambia wewe, na Padri nilimwambia, nilifurahi moyoni hadi nikapika wali siku ile. Nilipokuwa napakua ndipo nikajishtukia. Karatasi ile nikaitia jikoni, na kesho yake kabla ya moto nikalitaja jina lake, nikaomba alipwe. Ulimi ulikuwa mzito kama mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana sisemi "nilimsamehe" kama mtu anayesema "nilibatizwa." Nasema leo nimemsamehe. Kesho nitaamka tena, kuni zipo, sala ipo. Kuhesabu bado nahesabu, maana akili yangu haijafutika, ila usiku nalala. Kukesha ndiko nilikokuacha.

Sasa kuhusu mchango. Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako huko Dodoma na una Biblia yako. Nimejizuia kurasa zote hizi nisikwambie la kufanya, na ulimi unaniwasha. Hasira yako siilaumu, maana najua ilikotoka na nani aliipanda. Ukiamua kutochangia sitakuona mbaya. Ila yule binti, siku ya kikao, alikuwa mchanga mgongoni kwa mama yake, na hakuna alichokuchukulia… Ona, nimeshaanza. Naacha.

Jambo moja tu nakuomba, na hili naliomba kama mama. Usikatae kwa ajili yangu. Ukikataa, kataa kwa sababu zako mwenyewe ulizozipima mbele za Mungu. Deni ninalomdai usilirithi, baba. Nilishakurithisha mara moja ukiwa na miaka saba, inatosha.

Dereva wa basi nitampa kifurushi chako, kilo mbili za korosho, nimebangua mwenyewe kwa hiyo usishangae zikiwa na alama za moto. Mdogo wako anauliza kama charji yake ya simu iko kwako. Na mke wa binamu yako alipita juzi, ameniletea kitenge cha sare ya harusi, cha bluu na maua ya njano. Nilikiweka juu ya sanduku siku mbili. Leo asubuhi nimekifua, maana vitenge vya siku hizi vinanywea, na fundi anataka kipimwe kikiwa kimeshakauka.

Wako akupendaye,
Mama